Vitamini D kwa Mgonjwa wa Baridi Yabisi ya Rumatoidi Nairobi: Kupima, Kujaza na Kulinda Kiwango

Karatasi ya maabara imeandikwa 14, pembeni pana mshale unaotazama chini, na mwenye duka la dawa tayari ameweka kopo la vidonge juu ya kaunta. Hapo ndipo wagonjwa wengi hupotea njia. 14 ya kipimo gani? Kopo lina kiasi gani cha vitamini? Kimezwe kwa muda gani? Na je, vidonge hivyo vitatuliza vidole vinavyovimba, au vina kazi nyingine kabisa?

Kwanza jina, maana mtaani "baridi yabisi" ni kila kitu kinachouma kwenye kiungo, kuanzia goti la mzee hadi jongo la mpenda nyama choma. Mwongozo huu unahusu rumatoidi: ugonjwa ambao kinga ya mwili inageuka na kushambulia utando wa ndani wa viungo. Baridi ya Julai huongeza maumivu kwa wengine, lakini si yo iliyouleta.

Vitamini D inasaidia wapi hasa

Wagonjwa wa rumatoidi wenye vitamini D ya chini mara nyingi ndio wenye ugonjwa mkali zaidi. Hilo limeonekana katika tafiti nyingi, na ndilo linalouza makopo. Lakini kuonekana pamoja si kusababishana. Mtu mwenye maumivu hukaa ndani, halioni jua. Uvimbe wenyewe nao hushusha kiwango kinachosomeka kwenye damu. Wagonjwa walipopewa vitamini D juu ya dawa zao ili kuona kama viungo vitatulia, matokeo yalitofautiana, na pale faida ilipoonekana ilikuwa ndogo.

Utafiti unaotajwa sana ni VITAL wa Marekani: watu 25,871 wa makamo na wazee, baadhi wakipewa vitamini D ya IU 2,000 (IU ni kipimo cha kimataifa cha nguvu ya vitamini) kila siku kwa takriban miaka mitano. Ripoti ya 2022 ilionyesha kuwa waliomeza vitamini D walipata magonjwa ya kinga kujishambulia, rumatoidi ikiwa miongoni mwao, kwa asilimia 22 chini ya wenzao. Hiyo ni habari njema ya kuzuia ugonjwa. Haikupima kama vitamini D inatibu mtu ambaye tayari ni mgonjwa.

Msimamo wetu basi ni huu: jaza vitamini D kwa ajili ya mifupa na misuli. Rumatoidi hula mfupa, prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, hula mfupa zaidi, na kutotembea kunamalizia kilichobaki. Viungo vikipata nafuu juu ya hapo, ni bakshishi. Aliyeacha methotreksati kwa sababu amepata kopo la vitamini ameacha dawa inayozuia viungo visiharibike, akashika ile isiyoweza kazi hiyo.

Hatua ya 1: Tambua ni maumivu gani

Upungufu mkubwa wa vitamini D nao huuma, ila huuma kivyake. Ni maumivu mazito yasiyo na mahali maalumu, kwenye nyonga, mapaja, mbavu na kiuno. Misuli ya mapaja hulegea hadi mtu anajisukuma kwa mikono ili ainuke kwenye kochi, au anapanda ngazi za ploti akijivuta kwa reli. Ukibonyeza mfupa wa muundi kwa kidole gumba, unauma. Vidole havijavimba.

Rumatoidi hupenda viungo vidogo, kushoto na kulia kwa pamoja: vifundo vya ngumi, viungo vya katikati ya vidole, kifundo cha mkono, na chini ya vidole vya miguu. Asubuhi vidole vinakataa kukunja kwa zaidi ya nusu saa, mara nyingi saa nzima. Kifuniko cha thermos hakifunguki, na mwiko wa ugali unashikwa kwa mikono miwili. Kiungo kimevimba laini, ukikigusa kina joto.

Mtu mmoja anaweza kuwa na yote mawili, na hapo ndipo makosa huzaliwa. Alama ya DAS28 ambayo madaktari hutumia kupima ukali wa ugonjwa huhesabu viungo vinavyouma na vilivyovimba, kipimo cha damu cha uvimbe (kama CRP), na jinsi mgonjwa mwenyewe anavyojisikia. Mgonjwa ambaye mwili mzima unauma kwa kukosa vitamini D atapata alama ya juu hata kama viungo vimetulia, na anaweza kuongezewa dawa kali asiyoihitaji. Ukiambiwa dozi inapanda, uliza: viungo vilivyovimba ni vingapi, na CRP ni ngapi?

Kabla ya kuanza chochote, chukua daftari na kwa wiki mbili andika mambo matatu kila asubuhi: vidole vimekakamaa kwa dakika ngapi, viungo vingapi vimevimba, na sekunde ngapi unatumia kusimama na kuketi mara tano kwenye kiti bila kutumia mikono. Mambo mawili ya kwanza yanaonyesha mwenendo wa rumatoidi. Hilo la tatu linaonyesha nguvu ya mapaja, nalo ndilo lenye nafasi kubwa ya kubadilika vitamini D ikijazwa.

Hatua ya 2: Pima kipimo sahihi, wakati sahihi

Fomu iandikwe 25(OH)D, yaani kipimo kinachoonyesha akiba ya vitamini D mwilini. Kipo kingine kinachoanza na 1,25, cha vitamini D iliyokwisha kuamshwa na mwili, na karani akikosea kidogo utalipa pesa kwa jibu lisilokusaidia. Hicho cha pili huweza kusoma vizuri, au hata juu, kwa mtu aliyepungukiwa vibaya, kwa sababu mwili hujikaza kukitengeneza kutokana na kidogo kilichobaki.

Katika damu hiyohiyo omba kalsiamu, albumini, kreatinini (ya figo), fosfeti, ALP (kimeng'enya cha mifupa na ini) na CRP. Kalsiamu na kreatinini si za hiari: hazipaswi kukosekana kabla ya dozi kubwa. ALP ikiwa juu na fosfeti ikiwa chini, mifupa huenda imeshaanza kulainika, na homoni ya PTH, inayosimamia kalsiamu, iongezwe kwenye orodha.

25(OH)D haihitaji kufunga kula. Inahitaji subira: usipime siku ambazo ugonjwa umepamba moto, kwa kuwa namba itasoma chini kuliko hali halisi. Kama haiwezekani kungoja, isomwe pamoja na CRP ya siku hiyo. Ukimeza vidonge vya nywele na kucha vyenye bayotini, viache siku mbili au tatu kabla, kwani katika mashine fulani hupandisha namba kwa uongo. Na maabara iwe ileile kila mara, maana mbinu za kupima hutofautiana kiasi cha kukufanya uone mabadiliko ambayo hayapo.

Hatua ya 3: Soma namba pamoja na kipimo chake

Maabara za Nairobi hutoa jibu kwa ng/mL au nmol/L. Ng/mL zidisha kwa 2.5 upate nmol/L. Kwa hiyo 14 ng/mL ni 35 nmol/L, upungufu wa kufanyia kazi. Lakini 35 ng/mL ni kiwango kizuri tu. Anayetuma "nimepata 35" kwa simu bila kipimo hajamwambia daktari kitu.

Chini ya 12 ng/mL ni upungufu hasa, na mifupa iko hatarini. Kati ya 12 na 20 hakitoshi kwa wengi. Kuanzia 20 kinatosha mifupa ya watu wengi. Ndivyo ilivyoamua Institute of Medicine ya Marekani mwaka 2011. Mwaka huohuo Endocrine Society, chama cha wataalamu wa homoni, ikataka 30, na mishale ya maabara nyingi bado inafuata 30 hiyo, ingawa mwongozo wa chama hicho wa 2024 umeiacha. Ndiyo sababu mwenye 24 hupewa mshale na wasiwasi bure. Kwa anayemeza prednisoloni au ambaye mifupa yake imeshapungua, kulenga 30 ni busara. Kwa wengine, 20 na kitu ni sawa. Kupita 50 hakujaonyesha faida ya ziada.

Hatua ya 4: Jaza

Geuza kopo usome nyuma, usitazame picha ya jua. Dozi huandikwa kwa IU au kwa mikrogramu, na mikrogramu 1 ni IU 40. Mikrogramu 25 basi ni IU 1,000, na ile kapsuli ya wiki ya IU 50,000 ni mikrogramu 1,250. Chagua D3, yaani kolekalsiferoli. Hupandisha kiwango na kukishikilia vizuri kuliko D2. Ukiona alfakalsidoli au kalsitrioli, rudisha. Hizo ni za wagonjwa wa figo na hali maalumu, zinaruka breki za mwili na kupandisha kalsiamu haraka.

Kosa la kawaida kuliko yote ni kujaribu kujaza upungufu kwa vidonge vya kalsiamu vilivyochanganywa na D3. Kidonge kimoja cha aina hiyo huwa na kalsiamu miligramu 500 na vitamini D ya IU 200 hadi 400 hivi. Kufikisha IU 300,000 za kujazia kwa vidonge vya IU 200 kunahitaji vidonge 1,500, pamoja na kalsiamu gramu 750. Figo zitalalamika kabla hujafika robo ya njia.

Kwa upungufu hasa, mpango unaokubalika Uingereza, na ambao ni rahisi kuufuata, ni jumla ya takriban IU 300,000 zikigawanywa: IU 50,000 mara moja kwa wiki kwa wiki 6, au IU 4,000 kila siku kwa wiki 10. Kisha dozi ya kulinda, IU 800 hadi 2,000 kila siku. Aliye kati ya 12 na 20 asiye na haraka anaweza kuanza moja kwa moja na IU 1,000 hadi 2,000 kwa siku. Mtu mnene huhitaji mara mbili hadi tatu, kwa kuwa mafuta ya mwili huificha vitamini hii. Meza pamoja na mlo wenye mafuta, yaani mayai, parachichi au samaki. Ukiimeza na chai ya rangi alfajiri, kiasi kinachoingia mwilini hupungua.

Sindano moja ya IU 300,000 au 600,000 inavutia kwa sababu inaisha siku hiyohiyo. Tuikatae kama chaguo la kwanza. Huko Australia, utafiti uliochapishwa 2010 uliwapa wanawake wazee IU 500,000 kwa mkupuo mara moja kwa mwaka, na walianguka na kuvunjika zaidi ya wenzao ambao hawakupewa.

Usianze dozi ya kujaza kabla daktari hajaona majibu ikiwa kalsiamu iko juu, umewahi kupata mawe ya figo, figo zimechoka, au una TB au sakoidosisi (ugonjwa wa vivimbe vidogo, hasa kwenye mapafu). TB hapa ina pande mbili, na katika jiji letu si jambo la kupita haraka. Ugonjwa wenyewe huweza kuufanya mwili uamshe vitamini D kupita kiasi na kupandisha kalsiamu. Dawa yake, rifampisini, kwa upande mwingine huivunja vitamini hiyo mapema. Fenitoini na kabamazepini za kifafa, na efavirenzi ya VVU, nazo huivunja, na mwenye kuzitumia huweza kubaki chini hata akimeza vizuri. Anayetumia haidroklorothiazaidi kwa ajili ya presha aangaliwe kalsiamu yake kwa karibu, kwa sababu dawa hiyo huizuia isitoke kwenye mkojo.

Hatua ya 5: Panga siku za wiki usijidhuru

Sehemu hii ndiyo ya kubandika kwenye friji. Methotreksati ya rumatoidi humezwa mara moja kwa wiki. Kapsuli ya IU 50,000 nayo ni ya wiki. Alendroneti miligramu 70, kwa wenye mifupa dhaifu, nayo ni ya wiki. Dawa tatu za wiki ndani ya mfuko mmoja wa karatasi ya kaki ni ajali inayosubiri: methotreksati ikimezwa kila siku kwa kuchanganywa, hukausha uboho na inaweza kuua.

Ipe kila moja siku yake na uiandike kwa kalamu nene juu ya pakiti. Kwa mfano: methotreksati Jumatano usiku, asidi ya foliki siku aliyosema daktari, si Jumatano, vitamini D Jumapili pamoja na chakula cha mchana, alendroneti Jumamosi asubuhi kabla ya kula, kwa glasi ya maji matupu, ukae wima nusu saa. Pakiti ya methotreksati ikae mahali pake peke yake, mbali na vidonge vya kila siku. Alendroneti isianze kabla upungufu wa vitamini D haujarekebishwa, la sivyo kalsiamu ya damu inaweza kushuka ghafla, ganzi ikaanza kutambaa midomoni na vidoleni.

Kalsiamu nayo ina ugomvi na majirani. Iache saa nne mbali na haidroksiklorokwini (dawa nyingine ya rumatoidi) na dawa ya tezi, saa mbili mbali na vidonge vya madini ya chuma. Mwenye kutumia dolutegraviri, dawa ya VVU, ama ameze vyote kwa pamoja na chakula, ama dolutegraviri itangulie saa mbili kabla ya kalsiamu au ifuate saa sita baadaye.

Anayemeza prednisoloni kwa miezi mitatu au zaidi alenge kalsiamu miligramu 1,000 hadi 1,200 kwa siku, chakula kikihesabiwa kwanza. Kikombe cha maziwa cha mililita 250 kina takriban 300. Ongeza omena waliwao na mifupa yao, sukuma wiki na mtindi, kisha kidonge kizibe pengo tu. Spinachi si mbadala wa sukuma hapa: kalsiamu yake imefungwa na oksaleti na nyingi hutoka kama ilivyoingia.

Hatua ya 6: Jua la Nairobi, na lile lisilofaa

Jiji liko nyuzi 1 na kidogo kusini mwa ikweta, na mwinuko wa takriban mita 1,700. Miale tunayo mwaka mzima. Inayotukosesha ni kuta: ofisi, basi, duka la ndani kabisa la jengo, na nguo ndefu. Kioo huzuia miale ya UVB inayotengeneza vitamini D, hivyo kuota jua kwenye dirisha la matatu la Thika Road kunakuletea joto pekee.

Jua la asubuhi la saa moja, lile tunalosifia watoto wachanga, halina UVB ya maana, kwa sababu miale inapita hewa nyingi ikiwa imelala. Pima kwa kivuli: kikiwa kifupi kuliko wewe, vitamini inatengenezwa. Kwa Nairobi ni kama saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri, na jua huwa juu kabisa karibu saa sita na nusu. Ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu kuliko nyeupe. Dakika 20 hadi 30, mikono na miguu ikiwa wazi, mara tatu au nne kwa wiki, ni mwanzo mzuri.

Kuna wasiopaswa kufanya hivyo. Mwenye ualbino, mwenye lupasi (ugonjwa mwingine wa kinga kujishambulia) pamoja na rumatoidi, na yeyote ambaye ngozi yake inawaka baada ya kuanza methotreksati, salfasalazini au haidroksiklorokwini, ategemee vidonge. Avaayo buibui au anayefanya kazi usiku naye asijilaumu. Kidonge cha IU 1,000 kinafanya kazi hiyo.

Chakula tulitaje kwa ufupi kwa sababu mchango wake ni mdogo: kiini cha yai kina kama IU 40, samaki wenye mafuta zaidi ya hapo. Mafuta ya ini la samaki aitwaye kodi (cod) yanayo, lakini yana vitamini A nyingi pia, na hiyo ikizidi huumiza mifupa ileile tunayoilinda.

Hatua ya 7: Rudia kipimo, ukijua unatafuta nini

Kalsiamu irudiwe mwezi mmoja baada ya kumaliza dozi ya kujaza. 25(OH)D isirudiwe kabla ya miezi mitatu. Inachukua muda huo kutulia, na kupima mapema ni kulipia namba ambayo bado iko safarini.

Turudi kwa mwenye 14. Tuseme ni mama wa miaka 46, kilo 62, prednisoloni miligramu 7.5 kwa siku, kalsiamu na figo sawa. Ana sababu ya kujaza ingawa hayuko chini ya 12, kwa kuwa prednisoloni inamharakisha. Anameza IU 50,000 kila Jumapili mara sita, kisha IU 1,000 kila siku. Miezi mitatu baadaye akisoma 31, anaendelea na hizo 1,000. Akisoma 17, usiongeze dozi kabla ya kuuliza: alimeza na chakula gani? Kapsuli zilitoka duka lililosajiliwa? Kuna rifampisini, au kuhara kwa muda mrefu? Majibu hayo yasipoeleza sababu, utumbo wenyewe uchunguzwe. Na daftari lake likionyesha anasimama kwenye kiti kwa wepesi lakini vidole bado vinakakamaa saa nzima, vitamini D imemaliza kazi yake. Kilichobaki ni rumatoidi, na suala hilo ni la kliniki ya magonjwa ya viungo, kama ile ya Hospitali Kuu ya Kenyatta, pamoja na dozi ya dawa halisi.

Dalili za kuzidisha ni kiu isiyokatika, kukojoa sana, kichefuchefu, choo kufunga, uchovu mzito na kuchanganyikiwa. Mara nyingi hutokana na mtu aliyeendelea na kapsuli ya wiki baada ya wiki sita, au aliyeimeza kila siku. Acha vitamini D na kalsiamu siku hiyohiyo, uende hospitali upimwe kalsiamu na figo, na ubebe makopo yote, hata yale ya mitishamba na ya "nguvu za mifupa" uliyouziwa na jirani.